Daftari la Mangi

Desemba 2011, siku ya tatu tangu mvua ikatike, Mangi, mwenye duka wa mtaani kwetu Kigogo, alianika daftari lake la madeni. Alichomoa kurasa moja moja, akazibana kwa vibanio vya nguo kwenye kamba iliyotoka nondo za dirisha la duka hadi kwenye mpapai wa jirani. Wino wa bluu ulikuwa umesambaa karatasi nzima. Ukisogea karibu uliona jina hapa, nusu ya tarakimu pale, kisha doa. Nilikuwa kidato cha tatu, nimetumwa kiberiti, nikasahau nilichotumwa. Nilisimama nikisoma majina ya watu ninaowaamkia kila asubuhi, yamevimba kwa maji.

Mvua ile ilianza tarehe 20. Watu wa hali ya hewa walisema Dar es Salaam haikuwahi kunyeshewa namna ile tangu 1954. Mto Msimbazi ukaacha njia yake, ukaingia Jangwani, ukaingia Hananasif, ukaja kwetu. Watu zaidi ya 40 walikufa. Nyumba tuliyopanga haikuwa bondeni kabisa. Maji yalitufika magotini, tukapandisha magodoro juu ya kabati na kumpandisha bibi juu ya meza. Wa chini yetu walipoteza kila kitu, wengine walipoteza watu.

Jioni ya siku ile daftari lilipoanikwa, mama alijifunga kanga, akatoka kwenda dukani, nami nikamfuata. Akasimama mbele ya zile kurasa, akasema, "Mangi, pole. Mimi nina elfu kumi na nane yako."

Mangi akafikiri kidogo. "Hapana, mama. Ni ishirini na moja. Ile sabuni ya mche hujahesabu, na mafuta ya taa ya Jumatano."

Mafuta ya taa mama aliyakubali. Sabuni aliikataa kabisa, akasema aliilipa taslimu mbele ya mtoto wa jirani. Wakabishana hadi giza likaingia, bila hasira, kama watu wanaohesabu mahari. Mwishowe wakakubaliana elfu kumi na tisa na mia tano. Mangi akafungua kaunta buku jipya la kwaya mbili, akaandika jina la mama mstari wa juu kabisa. Halafu akampimia unga kilo mbili na dagaa, akaongeza kwenye deni.

Wengi walikuja kama mama. Si wote. Wapo walionyamaza, wakatumaini doa limewafutia. Wapo waliopelekwa Mabwepande, serikali ilipowagawia viwanja walioondolewa bondeni, wakaondoka na madeni yao, na hakuna aliyewalaumu sana kwa sababu walikuwa wanaanza maisha na hema. Mmoja wao, mzee aliyekuwa akichoma mishikaki, alirudi baada ya miezi kadhaa. Alipanda daladala kutoka huko hadi Kigogo kuleta elfu saba. Mangi alimpa soda, akakataa kupokea pesa yake.

Wahenga wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi niliona daftari likipotea na sehemu kubwa ya mali ikarudi kwa miguu yake. Leo ni mhasibu, kazi yangu ni vitabu vya watu, na sijawahi kuona hesabu iliyonisumbua kichwa kama ile.

*

Kwa msomaji asiye wa Dar, niseme kidogo. Mangi ni jina la machifu wa Uchagani, lakini mjini hapa ni jina la mwenye duka yeyote la mtaani, hata awe Mpare, Mkinga au Mpemba. Wachaga walifungua maduka mengi kiasi kwamba cheo cha mtawala wao kikawa jina la kazi. Duka lenyewe ni fremu moja, kaunta, wavu au nondo mbele ili asiibiwe, mizani, ndoo za unga na sukari, mafuta ya kula kwenye dumu lenye pampu, na mtu anayefungua kabla ya swala ya alfajiri na kufunga saa tano usiku. Karibu kila duka la namna hiyo lina karatasi ukutani: leo lipa, kesho kopa. Na chini ya karatasi hiyo, kwenye droo, lipo daftari.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya watu hao hawapokei mshahara wa mwisho wa mwezi. Wanapata leo, wanakula leo. Fundi muashi akikosa kazi Jumanne, Jumanne nyumba yake haina pesa. Mtu wa namna hiyo hahitaji duka lenye rafu thelathini. Anahitaji duka linalokata: robo ya sukari, mafuta ya mia tano, sabuni nusu kipande, kitunguu kimoja, majani ya chai ya mia. Na anahitaji mwenye duka anayejua kwamba Jumatano atapata.

Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni nilirudi nyumbani na ujuaji wangu mpya, nikamfanyia mama hesabu mezani. Ukinunua sukari kwa robo, mwisho wa mwezi kila kilo imekugharimu mia mbili zaidi kuliko ungenunua mfuko mzima. Kwa mafuta ya kupima, tofauti ni kubwa zaidi. Nikamwambia maskini ananyonywa na vipimo vidogo. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza, "Na huo mfuko mzima nitaununua kwa pesa ya nani, na utakaa wapi usiliwe na panya na wageni?"

Hesabu yangu ilikuwa sahihi na haikuwa kamili. Ile mia mbili ya ziada kwenye kilo ni kodi ya ghala, maana Mangi anakutunzia sukari yako hadi uihitaji. Ni nauli, maana duka liko hatua arobaini kutoka mlangoni. Na ni riba ndogo sana ya mkopo usio na dhamana, usio na fomu, ambao unaweza kuuomba saa nne usiku mtoto akiwa na homa. Sisemi kila Mangi ana haki. Wapo wenye mizani iliyochezewa, na mtaa unawajua. Lakini nimekagua taasisi za fedha zenye viyoyozi, na sijaona mkopo wa bei hiyo.

*

Mama yangu naye ni mfanyabiashara, ingawa mwenyewe hajiiti hivyo. Ana genge. Nyanya, vitunguu, karoti, hoho, mchicha, nazi, ndimu, na wakati wa msimu machungwa ya Muheza. Mwaka juzi nilichukua likizo ya wiki moja, nikakaa pale gengeni na daftari langu, nikaandika pesa inakotoka na inakokwenda. Nilifanya hivyo kwa ajili yangu tu, kwa sababu nilichoka kusikia watu wakisema biashara hizi ni za kuganga njaa.

Saa kumi alfajiri mama na wanawake wengine wawili wanapanda kirikuu kwenda soko la Mabibo. Wanagawana tenga moja la nyanya za Ilula, kwa sababu hakuna kati yao mwenye mtaji wa tenga zima, na nyanya zikikaa siku tatu zinaoza. Mmoja analipa, wawili wanamrudishia jioni. Saa kumi na mbili mama lishe wa kona anachukua nyanya na vitunguu kwa mama, halipi. Anachukua mchele kwa Mangi, halipi. Mkaa wa kisado anaulipa nusu. Madumu ya maji anayapata kwa jirani mwenye kisima, ambaye atakula mchana pale na wawekane sawa. Saa saba bodaboda na mafundi wa gereji wamekula wali maharage, wamelipa elfu mbili mbili. Saa nane mama lishe anazunguka akilipa: kwa Mangi, gengeni, kwa muuza mkaa. Noti ile ile niliyoiona ikitoka mfukoni mwa fundi gereji, ina alama ya kalamu pembeni, ilimfikia mama, mama akamtuma nayo kijana kwa fundi cherehani aliyekuwa na sare ya mdogo wangu, fundi cherehani akampa bodaboda aliyemletea vitambaa kutoka Kariakoo. Kabla ya alasiri ilikuwa imepita mikono mitano. Wenye mikono hiyo wote wanalala mtaa mmoja.

Nilipokuwa naandika nilifikiri nafuatilia pesa. Siku ya nne nikagundua nafuatilia habari. Mama lishe akichukua nyanya pungufu, mama anajua wajenzi wa ghorofa la jirani hawajalipwa. Mzee wa nyumba ya pembeni asipokuja kuchukua mkate saa moja, Mangi anamtuma mtoto akagonge. Siku ya tano ya likizo yangu mtoto alikwenda kugonga kweli, akamkuta mzee kaanguka bafuni. Alipelekwa hospitali ya Mwananyamala kwa bajaji, na aliyelipa bajaji ni dada wakala wa miamala, kutoka kwenye droo yake ya kazi. Hakuna mpango wowote wa maafa ulioandikwa unaosema mtu akikosa mkate asubuhi atafutwe. Lakini ndivyo mtaa unavyojua nani yuko hai.

*

Uimara huu una historia, na si ya kupendeza yote. Mwaka 1976 serikali ilianzisha Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili ya ushirika yachukue nafasi. Mengi ya ushirika hayakuwa na uwezo wala bidhaa. Kisha vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kisha bei za mazao na mafuta, kisha miaka ile ambayo mama akiikumbuka anakumbuka foleni. Anasema ulikuwa unaona foleni unaingia kwanza, unauliza baadaye inauza nini. Sabuni, khanga, sukari, unga wa ngano: vyote kwa foleni. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na mwaka huo huo sheria ya Nguvukazi, ambayo ilimfanya mtu asiye na kazi inayotambulika mjini awe wa kukamatwa na kurudishwa shamba.

Bibi alikuwa anauza vitumbua wakati huo. Babu alikuwa na kazi ya kiwandani, kazi yenye kadi na kofia, na mshahara wake mwanzoni mwa miaka ya themanini haukumaliza wiki mbili. Vitumbua vya bibi vilimaliza zilizobaki. Mchele aliupata kwa mtu, mtu aliupata kwa mtu, na hakuna aliyeuliza. Alipikia uani usiku, watoto wakapeleka alfajiri nyumba kwa nyumba kwenye beseni lililofunikwa kitambaa. Miradi, ndivyo walivyoiita. Karibu kila nyumba ya mfanyakazi ilikuwa na mradi: maandazi, kuku, barafu, ufumaji. Sheria ilikuja kulegezwa, biashara ikafunguliwa katikati ya muongo ule, lakini jiji lilikwisha kujilisha kwa mabeseni kabla ya kuruhusiwa.

Ninapenda kukumbusha hili kwa sababu siku hizi tunazungumza kama vile ujasiriamali umeletwa na semina.

*

Halafu kuna maduka makubwa. Nilipokuwa mdogo kwenda Shoprite ilikuwa safari ya sikukuu. Mwaka 2014 Waafrika Kusini hao waliuza maduka yao ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya. Mwaka uliofuata Uchumi, nayo ya Kenya, ikafunga milango nchini. Nakumatt yenyewe haikudumu. Siwalaumu kwa kuondoka. Kampuni isiyopata faida hufunga, ndiyo kanuni yake. Ninachotaka msomaji akione ni kwa nini Mangi hawezi kuondoka vile. Mtaji wake hauko kwenye rafu. Uko kwenye matumbo yetu. Amekopesha mtaa mzima, akifunga leo amepoteza kila kitu, akibaki atalipwa kidogo kidogo. Deni limemfunga kwetu kama lilivyotufunga sisi kwake. Watu wanasema kukopa harusi, kulipa matanga, na ni kweli, lakini kuna jambo msemo huo hausemi: mtu anayekudai anakuombea uzima.

Na yeye pia anadaiwa. Hili nililijua nikiwa mtu mzima. Mangi huchukua mzigo Kariakoo kwa mali kauli: tajiri wa jumla anampa katoni na viroba bila pesa, kwa neno lake tu, na siku walizokubaliana anarudisha. Kwa hiyo ile elfu kumi na tisa na mia tano ya mama ilikuwa pia deni la Mangi mtaa wa pili kutoka sokoni, na labda deni la tajiri huyo kwa mwenye kontena. Baada ya mafuriko alikwenda Kariakoo na suruali yenye tope, akamweleza tajiri wake. Tajiri akampa mzigo mwingine juu ya deni la kwanza. Kama angekataa, kaunta buku jipya lisingekuwa na cha kuandika.

Ndiyo maana soko kuu la Kariakoo lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, na jengo la ghorofa lilipoporomoka kule kule Novemba 16, 2024 likiwa na watu ndani, huzuni ya Kigogo haikuwa ya mbali. Tulilia kwanza kwa ajili ya waliofukiwa. Kisha, kimya kimya, kila mwenye duka akaanza kupiga simu kuulizia: tajiri wangu yuko salama? Na daftari lake?

*

Nitaje mara mbili ambapo mtaa wetu ulijaribiwa bila maji kuingia ndani.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, zikafunguliwa mwishoni mwa Juni. Kwenye nyumba yetu alipanga mwalimu wa shule binafsi, kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Shule yake ilisimamisha mishahara mwezi wa pili tu tangu kufungwa. Kwa majuma kumi na moja familia ile ilikula kwa daftari la Mangi na mboga za genge la mama. Mwalimu alikuwa mtu wa haya, akawa anamtuma mkewe, mkewe naye akaanza kuona haya. Mangi akamwita mwalimu, akamwambia, "Wewe nifundishie mwanangu hesabu jioni, haya mengine tutaona." Mtoto alifundishwa. Deni halikufutwa, lilipunguzwa kwa kila somo, na mwalimu akaanza tena kuja dukani mwenyewe, mchana, mbele za watu.

Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika nchi nzima. Mvua kubwa zilikuwa zimeingia mashambani na viwandani, uzalishaji ukashuka, na bei iliyozoeleka ya elfu tatu kwa kilo hivi ikapita elfu nne, kwingine zaidi. Hapa sitampamba mtu. Wapo wenye maduka waliofungia sukari stoo wakisubiri ipande, na mtaani kwetu alikuwepo mmoja. Mangi wetu aliuza robo kwa kila nyumba, basi, na aliyetaka kilo mbili za harusi alimkatalia. Nyumba zenye wazee au wauza chai alizipa nusu. Watu walinung'unika. Bei yake nayo ilikuwa juu, maana alinunua juu. Lakini chai ilipikwa kila nyumba, na yule aliyefungia stoo, sukari ilipoteremka, akabaki na viroba vyake na wateja wachache mpaka leo.

*

Yanayouvunja mtandao huu nayo nayajua kwa majina yake ya mtaani, na la kwanza ni kausha damu.

Ni mikopo ya haraka ya marejesho ya kila siku au kila wiki. Unapewa laki tatu, unarudisha kwa riba ambayo ukiipiga kwa mwaka unaogopa kuitaja. Kuna sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, inayotaka wakopeshaji wawe na leseni na vikundi vya kijamii visajiliwe, lakini mjane anayeuza samaki wa kukaanga haulizi leseni wakati ada ya mtoto inadaiwa. Yule wa kwetu alikosa marejesho siku nne. Wakaja watu na kirikuu, wakachukua jokofu, meza na masufuria. Masufuria! Walichukua kile kile ambacho kingewalipa. Kikoba cha mama, wanawake 25 wanaokutana kila Jumapili chini ya mwembe wa mjumbe, kilimnunulia masufuria mengine kutoka mfuko wa jamii. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mkopeshaji anayekujua na asiyekujua. Wa kwanza akikudai, anataka uendelee kufanya kazi.

La pili ni kuhamishwa. Mama alikuwa na kitambulisho cha mjasiriamali, kile cha shilingi 20,000 kilichoanza kugawiwa mwishoni mwa 2018, na alikivaa shingoni kwa fahari. Oktoba 2021 wamachinga wa jiji walitakiwa kuondoka kando ya barabara na kwenda maeneo yaliyopangwa. Hoja ya barabara naielewa. Nimewahi kuona mama mwenye mtoto mgongoni akishuka kwenye lami katikati ya magari kwa sababu njia ya miguu imejaa viatu. Lakini eneo alilopata mama lilikuwa daladala mbili kutoka nyumbani. Meza ilibebeka, mwavuli ulibebeka, nyanya zilibebeka. Watu wake hawakubebeka. Kule hakumjua mtu, hakuweza kumkopesha mtu, hakuna aliyemlindia meza akienda msalani. Alikaa wiki sita, akapungua mwili. Alirudi mtaani akaweka genge kwenye kibaraza cha nyumba yetu, akauza kidogo, na akalala usingizi.

Nikipata nafasi ya kumwambia neno mtu anayepanga miji, ningemwomba hivi: kabla hamjamhamisha mfanyabiashara, muulizeni anawadai akina nani na anadaiwa na nani. Mchoreni ramani yake. Mkimhamisha, mhamisheni na angalau nusu ya ramani hiyo. Na zile asilimia kumi za mapato ya halmashauri zinazotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambazo zilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, zipelekeni kwanza kwa vikundi ambavyo tayari vinakutana chini ya mwembe, si kwa vikundi vilivyoundwa wiki moja kabla ya fomu kutoka.

*

Bonde la Msimbazi sasa lina mradi mkubwa, sehemu kubwa ya fedha zake ni mkopo wa Benki ya Dunia, wa kupanua mto, kujenga daraja jipya la Jangwani na kuacha bonde liwe la maji na miti. Nauunga mkono. Nilimwona bibi juu ya meza. Sitaki mtoto wa mtu aone hivyo tena. Fidia zililipwa, nyumba zikaanza kuvunjwa, na fremu ya Mangi ilikuwa ndani ya mstari. Yeye alikuwa mpangaji. Alikuwa amekaa pale miaka kumi na tisa.

Mwezi wa mwisho alikwenda nyumba kwa nyumba na kaunta buku mkononi. Wengine walimlipa lote, wengine robo, wengine walimpa namba za simu. Mama alimlipa, wakabishana tena, safari hii juu ya trei moja ya mayai. Alihamia Chanika kwa shemeji yake, akapata fremu karibu na msikiti.

Nilimtembelea Februari. Nilishuka kituoni nikauliza duka la Mangi, nikaelekezwa maduka matatu kabla ya kumpata. Duka ni zuri, lina umeme na jokofu, na namba ya malipo ya simu imebandikwa mlangoni. Tulikaa kwenye kreti za soda. Aliniuliza habari za mama, za mwalimu, za mzee aliyeanguka bafuni. Nikamuuliza biashara.

"Inakwenda," akasema. "Wananunua, wanalipa, wanaondoka. Bado sijawajua."

Alipokwenda nyuma kunitafutia maji baridi, nilivuta droo kidogo. Daftari lipo, jipya, jalada gumu. Ukurasa wa kwanza una majina matatu: fundi viatu, mama mmoja ameandikwa tu "mama wa geti jekundu", na la tatu sikuwahi kulimaliza kulisoma kwa sababu binti mdogo alikuwa amesimama dirishani na sahani mkononi, anasema ametumwa unga nusu, na mama yake amesema atapita jioni.

Mangi alimtazama kwa muda.

"Mama yako ni yupi?" akamuuliza, akachukua kalamu.